KUPAKATA SI KULINDA
Somo kuhusu kiti cha mtoto garini

Katika kurasa hizi umezoea kusoma mashairi, vitendawili na masomo ya sarufi. Leo nakuomba tubadilishe mkondo kidogo, tujifunze jambo linalohusu uhai wa wadogo zetu, yaani namna ya kumbeba mtoto ndani ya gari. Usidhani somo hili halikuhusu eti kwa sababu wewe bado ni mwanafunzi. Ni nani kati yetu hajatumwa wakati wa likizo amsindikize shangazi aliyetoka kujifungua? Ni nani hajawahi kupewa mtoto ampakate kutoka stendi hadi nyumbani?

Wahenga walisema kuwa ajali haina kinga. Methali hii hutufaa tunapofarijiana, lakini mara nyingi tunaitumia vibaya. Mtu humsimamisha mtoto wa miaka miwili katikati ya viti viwili vya mbele, na ukimuuliza atakujibu, "Ajali haina kinga bwana, ni Mungu tu." Mimi naona maana ya methali hiyo ni kwamba hatujui siku wala saa ya ajali. Haina maana kwamba ajali ikitokea hakuna anayeweza kuokoka. Wahenga hao hao walituachia pia kinga ni bora kuliko tiba, na tahadhari kabla ya hatari.

Sisi wa huku tunaijua barabara yetu. Ukitoka Meru unapita Nkubu, unashuka na kupanda mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya, unafika Chuka, unavuka mto Thuci, unaingia Runyenjes na hatimaye Embu. Ni zaidi ya kilomita 100 za makona na miteremko. Katika daraja la Nithi, tarehe 24 Julai 2022, basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha yao. Ajali kama ile ni kubwa mno, na siwezi kukudanganya kuwa kiti cha mtoto ni dawa yake. Lakini ajali nyingi si za namna ile. Gari hugonga lingine kwa nyuma pale Makutano, probox hupiga breki ya ghafla kwa sababu ya ng'ombe, au pikipiki huchomoka kichochoroni bila kuangalia. Katika ajali kama hizo mtu mzima aliyefunga mshipi huweza kutoka na mshtuko tu, huku mtoto aliyepakatwa akiumia vibaya. Hapo ndipo somo letu lilipo.

1. KWA NINI MIKONO HAITOSHI

Katika Fizikia tumefunzwa kanuni ya kwanza ya Newton: kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo huo mpaka kizuiwe na nguvu nyingine. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani kinaenda kilomita 50 kwa saa: dereva, abiria, mkungu wa ndizi na mtoto. Gari likigonga mti husimama. Vilivyomo ndani havisimami. Vinaendelea mbele kwa mwendo ule ule hadi vikutane na kitu cha kuvizuia, kiwe ni mshipi, dashibodi au kioo.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme mtoto ana uzito wa kilo 10, ambao ni uzito wa kawaida wa mtoto wa mwaka mmoja hivi. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Tuseme pia gari linasimama kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nguvu inayohitajika kumzuia mtoto ni:

10 × 14 ÷ 0.1 = Newton 1,400

Hiyo ni sawa na kuinua mzigo wa kilo 140. Gunia moja la mahindi lina kilo 90. Kwa hivyo mama anayempakata mtoto huyo anatakiwa, kwa kufumba na kufumbua, azuie zaidi ya gunia moja na nusu la mahindi kwa mikono mitupu, tena bila kuonywa. Gari likiwa linaenda kilomita 80 kwa saa, nguvu hiyo hufika Newton 2,200 hivi, karibu magunia mawili na nusu. Hata awe na nguvu za Samsoni hawezi. Si kwamba hampendi mwanawe. Mikono ya binadamu haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Tena kuna jambo baya zaidi. Ikiwa mama mwenyewe hakufunga mshipi, naye anarushwa mbele. Mtu wa kilo 60 katika ajali hiyo hiyo ya kilomita 50 kwa saa husukuma kwa nguvu ya kilo 840, zaidi ya magunia tisa, na aliye mbele yake ni nani? Ni yule mtoto aliyempakata. Kifua kilichokusudiwa kumlinda mtoto ndicho kinachomponda.

2. HOJA YA NYANYA

Ukifika nyumbani na habari hizi, huenda nyanya akakuambia, "Mjukuu wangu, sisi tuliwalea nyinyi mgongoni kwa leso, na mbona mko wazima?" Usibishane naye kwa ukali. Mjibu kwa adabu, "Ni kweli, nyanya, na leso ilikuwa kiti kizuri sana. Lakini ulikuwa unatembea kwa miguu."

Mtu anayetembea huenda kilomita kama 5 kwa saa. Akijikwaa, mikono humtangulia na mtoto hubaki mgongoni salama. Leso ilibuniwa kwa mwendo huo na inaufaa. Gari lina mwendo wa mara kumi zaidi, na mwendo ukiongezeka mara kumi, nishati ya mgongano huongezeka mara mia moja. Kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni kama kuanguka kutoka kimo cha mita 10, yaani kutoka juu ya jengo la ghorofa tatu hivi. Hakuna nyanya anayeweza kuruka kutoka ghorofa ya tatu akiwa na mjukuu mikononi. Ukimweleza hivyo ataelewa, na huenda akawa wa kwanza kumkemea dereva.

3. KITI HIKI KILITOKA WAPI

Viti vya kwanza vya watoto garini havikukusudiwa kuwalinda. Vilikuwa vya kumwinua mtoto aone nje na asimsumbue dereva. Mshipi wa gari tunaoujua, unaopita begani na mapajani, ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo huko Uswidi mwaka 1959. Lakini mshipi huo ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima.

Mwaka 1964, daktari mmoja Mswidi aliyeitwa Bertil Aldman aliunda kiti cha mtoto kinachotazama nyuma. Alipata wazo hilo alipoona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa kwa migongo wakati chombo chao kikiruka, ili nguvu ienee mgongo mzima badala ya kuelemea sehemu moja. Mwaka 1978 jimbo la Tennessee, Marekani, likawa la kwanza nchini humo kulazimisha watoto wadogo wafungwe kwenye viti vyao, na baadaye nchi nyingi zikafuata. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kiti kilichofungwa sawasawa hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa takriban asilimia 70, na vya watoto wadogo kwa kati ya asilimia 54 na 80. Hiyo ndiyo kinga ya ajali ambayo tuliambiwa haipo.

4. KUCHAGUA KITI

Kanuni kuu ni moja: kiti kimfae mtoto, na kilifae gari. Usinunue kwa rangi wala kwa picha za wanyama. Anza kwa uzito na urefu wa mtoto. Uzito utaupata kwenye kadi ya kliniki, kwa hivyo kadi hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani. Viti viko vya aina tatu.

(a) Kiti kinachotazama nyuma. Hiki ni cha mtoto tangu siku anapotoka hospitalini. Viti vingi vya aina hii huchukua mtoto hadi kilo 13. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wa mwili wake, na shingo yake bado ni laini. Akitazama mbele gari likasimama ghafla, mwili huzuiwa na mishipi lakini kichwa kile kizito huendelea mbele na kuivuta shingo. Akitazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo vyote huegemea kiti kwa pamoja. Mtoto asigeuzwe kabla hajafika angalau miezi 15, na akikaa hivyo zaidi ni bora zaidi. Uswidi watoto wengi hutazama nyuma hadi wanapokaribia miaka minne. Watu husema miguu yake itakunjika. Miguu ikikunjika si hoja, mtoto mwenyewe hupenda kukaa miguu imekunjwa.

(b) Kiti kinachotazama mbele chenye mishipi yake. Aina hii mara nyingi ni ya kilo 9 hadi 18. Angalia sana: mtoto kufika kilo 9 si amri ya kumgeuza. Kama kile cha kwanza bado kinamtosha, abaki humo.

(c) Kiti cha kumwinua. Hiki ni cha mtoto mkubwa kidogo, wa kilo 15 hadi 36. Hakina mishipi yake. Kazi yake ni kumwinua ili mshipi wa gari umpite mahali panapofaa: katikati ya bega wala si shingoni, na juu ya mapaja wala si tumboni. Mshipi ukikaa tumboni unaweza kukata viungo vya ndani. Atumie kiti hiki mpaka afike urefu wa sentimita 135, na ikiwezekana 150. Kwa hivyo hata baadhi ya wanafunzi wa shule za msingi bado wanakihitaji, ingawa watanuna!

Kisha tafuta kibandiko. Viti vingi vinavyotufikia vimetengenezwa kwa viwango vya Ulaya, na kibandiko chake huwa cha rangi ya machungwa, chenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyokiidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Juu yake utaona R44, kiwango cha zamani kinachopima kwa kilo, au R129, kiwango kipya kilichoanza mwaka 2013, ambacho hupima kwa urefu wa mtoto. Kiti kisicho na kibandiko chochote cha viwango kiache, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mamake.

Mwisho, kijaribu ndani ya gari lenyewe kabla ya kulipa. Kuna viti visivyokaa vizuri katika magari madogo, na kuna magari ambayo kiti cha katikati nyuma kina mshipi wa mapajani tu. Viti vingi vya watoto vinahitaji mshipi wenye sehemu mbili, ya begani na ya mapajani.

5. KITI CHA MTUMBA

Tuseme ukweli, kiti kipya bei yake si mchezo. Wengi wetu tutaangukia mtumba, na mtumba si dhambi. Ila kiti si kama sweta. Sweta likiwa na tundu utaliona, bali kiti kilichopata ajali kinaweza kuwa na ufa ndani ya plastiki usioonekana kwa macho, na siku ya siku kikapasuka. Kwa hivyo uliza na ukague:

- Kilitumiwa na nani? Kiti cha binamu ambaye unajua gari lake halijawahi kugonga ni bora kuliko kiti kizuri kisichojulikana kilikotoka.
- Kilitengenezwa lini? Tarehe huwa imepigwa chapa kwenye plastiki, aghalabu chini au nyuma. Plastiki huchoka kwa jua na miaka. Kama kimeandikwa mwisho wa matumizi na tarehe imepita, kiache.
- Mishipi haijachanika wala kushonwa upya kwa uzi wa fundi viatu?
- Kifungio kinalia "ka!" kikifungwa, na kinashika?
- Kitabu cha maelezo kipo? Kama hakipo, tazama michoro iliyobandikwa ubavuni mwa kiti.

Hapa pana jambo ambalo jamaa zetu wanaweza kulifanya bila gharama kubwa. Kiti cha mtoto mchanga hutumika mwaka mmoja na kidogo tu. Badala ya kukiuza kwa bei ya kutupa, kizunguke katika ukoo, kutoka kwa mtoto huyu hadi kwa yule, historia yake ikijulikana. Hata chama cha akina mama kinaweza kununua kimoja cha kuwaleta watoto nyumbani kutoka hospitalini.

6. KUKIFUNGA KITI

Kiti kizuri kikifungwa vibaya ni sawa na mlango wa chuma usiofungwa kwa ufunguo. Fuata hatua hizi, na kama kitabu cha kiti kinasema tofauti, fuata kitabu.

Kwanza, chagua mahali. Mahali pazuri ni kiti cha nyuma cha gari. Kwetu Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hivyo upande wa kushoto wa nyuma ni mzuri zaidi kuliko wa kulia, kwani utamtoa mtoto ukiwa kando ya barabara, mbali na magari yanayopita.

Pili, kumbuka mfuko wa hewa. Kamwe, narudia, kamwe usiweke kiti kinachotazama nyuma kwenye kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko huo hufyatuka kwa nguvu nyingi na kukipiga kiti mahali penye kichwa cha mtoto. Huweza kumuua hata katika ajali ndogo.

Tatu, pitisha mshipi wa gari katika njia yake. Kwenye viti vingi vya Ulaya njia ya mshipi imetiwa rangi: buluu kwa kiti kinachotazama nyuma, nyekundu kwa kinachotazama mbele. Mshipi usipindane. Baadhi ya magari na viti vina vyuma vya Isofix, ambavyo huingia katika vishikio vilivyo kwenye pindo la kiti cha gari. Kama gari lako na kiti chako vyote vinavyo, huhitaji mshipi kukishikilia, ila hakikisha umesikia mlio pande zote mbili.

Nne, kaza. Kandamiza kiti kwa goti au kwa mkono ukiweka uzito wako, huku mkono mwingine ukivuta mshipi mpaka usiweze kuvutika tena.

Tano, jaribu. Shika kiti mahali mshipi unapopita, ukivute kushoto, kulia na mbele. Kisicheze zaidi ya sentimita 2.5, kama upana wa vidole viwili vyembamba. Kikicheza zaidi, fungua uanze upya. Hapa ndipo wengi huchoka na kusema "itakaa tu". Haikai.

Sita, kwa mtoto mchanga, tazama mwinamo. Kiti kiwe kimelala kiasi cha nyuzi 45 hivi. Kikisimama wima, kidevu cha mtoto huangukia kifuani na pumzi huweza kuzibwa.

7. KUMFUNGA MTOTO MWENYEWE

Mgongo na makalio ya mtoto yaguse kiti. Mishipi ya kiti ianzie wapi? Kwa kiti kinachotazama nyuma, itoke usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kwa kinachotazama mbele, itoke usawa wa mabega au juu yake kidogo. Kaza, kisha jaribu kuubana mshipi kwa vidole begani mwa mtoto, kama unayembana mtu finyo. Ukiweza kushika mkunjo, bado umelegea.

Sasa nisikilize kwa makini, wewe wa Timau, Kibirichia na Manyatta. Asubuhi za Julai kwetu ni baridi kali, na mtoto huvishwa sweta mbili, koti la manyoya na blanketi juu. Ukimfunga akiwa hivyo utadhani mshipi umembana, kumbe umeibana pamba. Katika ajali pamba hunywea, mshipi hulegea, na mtoto huchomoka. Mvue koti zito, mfunge vizuri, kisha mfunike blanketi juu ya mishipi. Nawe wa Kiritiri na Siakago, tatizo lako ni jua. Gari likikaa juani vyuma vya kifungio huwaka moto, basi vishike kwanza kabla ya kumkalisha. Na popote ulipo, usimwache mtoto peke yake ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika za kununua maziwa.

Safari ikiwa ndefu, kwa mfano kutoka Meru kwenda Nairobi, simama njiani, tuseme Chuka na tena Embu. Mtoto mchanga asikae kitini zaidi ya saa mbili bila kutolewa anyooshwe. Lakini msimtoe gari likiwa linaenda eti kwa sababu analia. Akilia, simameni. Na mtoto asipokuwemo, kiti kibaki kimefungwa, maana kikiachwa huru nacho huruka. Kiti kilichokuwa garini siku ya ajali kubwa kisitumiwe tena.

8. NA SISI TUSIO NA GARI?

Najua kuna msomaji amefika hapa akacheka. "Haya yote ni ya wenye magari. Sisi ni watu wa matatu." Ni swali la haki, na sitalikwepa.

Tangu Februari 2004, kanuni zilizoletwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, ziliagiza matatu ziwe na mishipi na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Mishipi ilitiwa. Lakini tunajua yanayotendeka: mingine imekatika, mingine imefukiwa chini ya kiti, na makanga anakuambia, "Huyo mtoto mpakate, kiti ni cha wanaolipa." Basi heri nusu shari kuliko shari kamili. Fanya haya:

(i) Mtoto anayeweza kukaa peke yake, mlipie kiti chake na umfunge mshipi. Nauli hiyo si hasara.

(ii) Mtoto mdogo wa kupakatwa, jifunge wewe kwanza, kisha umpakate, mshipi ukiwa kati yako na yeye. Usiuzungushe mshipi mmoja juu yenu wawili, kwani mwili wako utamsaga. Na usiketi ukiwa umembeba mgongoni. Hii si kinga kamili, tumeshaona katika hesabu. Ni kupunguza hatari tu.

(iii) Kaeni nyuma. Usikae naye mbele kando ya dereva, hata kama ndiko kunakopendeza kuona njia.

(iv) Kama unakwenda kumchukua mama aliyejifungua na mmekodi gari dogo, mwombe mwenye gari mapema akuhakikishie kuwa mishipi ya nyuma inafanya kazi, na muazime kiti mahali. Siku hiyo moja mnaweza.

(v) Bodaboda si chombo cha kumbebea mtoto mchanga. Usimbane kati yako na mwendeshaji. Kama hakuna njia nyingine, afadhali kutembea na leso ya nyanya.

(vi) Sema. Mwendo ukipungua nusu, nishati ya mgongano hupungua mara nne. Abiria mmoja akisema "Dere, punguza mwendo, kuna mtoto", wengine humuunga mkono. Akinyamaza, wote hunyamaza hadi bondeni. Mdomo wako ni kifaa cha usalama kisichouzwa dukani.

HITIMISHO

Msomaji mwenzangu, tumeona kuwa mapenzi ya mzazi hayapungui hata chembe, ila mikono yake inashindwa na hesabu. Kumpakata mtoto ni kumpenda. Kumfunga ni kumlinda. Anayempenda hufanya yote mawili, kila moja kwa wakati wake: ampakate nyumbani, amfunge garini. Likizo hii usirudi nyumbani na ripoti ya mtihani tu. Kama kuna gari kwenu au kwa jamaa yako, ingia kiti cha nyuma uitafute ile mishipi iliyofukiwa chini ya kiti, uitoe, uipanguse, uone kama inafunga. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na inaweza kuanza kabla hata kiti hakijanunuliwa.

MSAMIATI

Finyo: kubana ngozi kwa vidole viwili.
Kifungio: kifaa ambacho ncha ya mshipi huingizwa ili ushike.
Kupakata: kumweka mtoto mapajani na kumshika kwa mikono.
Mfuko wa hewa: mfuko uliofichwa mbele ya gari, ambao hujaa hewa ghafla wakati wa ajali.
Mwinamo: kiasi ambacho kitu kimelala au kuegemea upande.

MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza maana mbili tofauti ambazo watu huipa methali "ajali haina kinga". Wewe unaunga mkono ipi, na kwa nini?
2. Mtoto wa kilo 12 yumo garini likienda mita 20 kwa sekunde. Gari likisimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, ni nguvu gani itakayohitajika kumzuia? Ni sawa na magunia mangapi ya mahindi?
3. Kwa nini mtoto mchanga hutazamishwa nyuma?
4. Taja mambo manne ya kukagua kabla ya kununua kiti cha mtumba.
5. Mama mmoja amemfunga mwanawe akiwa na koti zito. Mshauri kwa heshima.
6. Tungeni mazungumzo kati ya abiria na makanga kuhusu kiti cha mtoto katika matatu, kisha muyaigize mbele ya darasa.